Sukari katika Damu ya Mtoto Mchanga

Mtoto aliyemo tumboni hupata sukari kutoka katika damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Kitovu kikatwapo, njia hiyo hufungwa, naye hutegemea akiba iliyomo katika ini lake. Akiba ya mtoto njiti ni haba. Sukari ikipungua mno, ubongo huweza kudhurika, pengine bila dalili yoyote kuonekana. Ndiyo sababu damu hupimwa.

Tiba ya kwanza ni kulishwa maziwa ya mama mapema. Utafiti uliofanywa New Zealand na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha pia manufaa ya kupaka jeli ya glukosi ya asilimia 40 ndani ya shavu. Hayo yasipotosha, glukosi ya asilimia 10 huingizwa mshipani.

Swali: Kwa nini mtoto njiti asicheleweshewe maziwa?