Usitaje bei ya pazia kabla ya kuuliza maswali haya

Leo nataka tuongelee madirisha na mapazia. Najua wengi wenu humu mnauza viatu, vyombo, mashuka, nguo za watoto, lakini soma tu mpaka mwisho, somo lenyewe linamhusu kila anayeuza kitu kinachohitaji kipimo.

Mimi ninauza mapazia hapa Magu mjini. Sikusomea ushonaji wala mapambo ya nyumba. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani, nikaanza kupiga picha mapazia ya watu na kuweka stetasi, oda zikaanza kuja. Yote ninayoyajua nimefundishwa na mafundi, wateja na hasara. Hasara imenifundisha zaidi.

Kuna mama mmoja wa upande wa Kisesa, mwalimu mstaafu. Alikuwa ametoa madirisha ya mbao ya zamani, ameweka ya aluminiamu. Akanitumia picha na ujumbe: "Mwanangu, madirisha yapo manne, yote tano kwa tano. Nataka rangi hii. Shilingi ngapi?"

Mimi nikaona nisimcheleweshe asije akaenda kwa mwingine. Nikajibu hapo hapo: laki mbili na elfu sitini, na kushona ndani yake. Hesabu yangu kichwani ilikuwa mita 4 kila dirisha, jumla mita 16. Akalipa yote kwa simu. Nikafurahi.

Nikapanda gari kwenda Mwanza. Rangi aliyoitaka nikaipata kwa 8,000 kwa mita, nikanunua mita 16. Nikarudi, nikampelekea fundi. Fundi akakitandaza kitambaa mezani, akaniangalia, akaniuliza: "Dada, hiki ni cha upana wa mita moja na nusu. Wewe ulipiga hesabu ya kipi?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeumia.

Niwaeleze vizuri, maana hapa ndipo wengi tunachanganya. Vitambaa vya pazia vinakuja kwa upana tofauti. Kuna vya sentimita 280 na kuna vya sentimita 150. Kile cha 280 unaweza kukilaza, yaani upana wake unakuwa ndio urefu wa pazia kutoka juu kwenda chini. Kwa hiyo unanunua mita kulingana na upana wa dirisha tu. Kile cha 150 hakitoshi kwenda juu mpaka chini, inabidi ukate vipande na kuviunganisha ubavuni.

Tufanye hesabu pamoja. Dirisha la futi 5 ni kama sentimita 152. Fimbo ya pazia inatakiwa ipite dirisha kama sentimita 20 kila upande, hivyo fimbo ni sentimita 192. Pazia ili likunjike vizuri lisionekane kama shuka limeanikwa, unazidisha mara mbili: 192 mara 2 ni 384. Kwa kitambaa cha 280, mita 4 zinatosha na upindo unapata. Lakini kwa kitambaa cha 150, gawa 384 kwa 150, unapata mbili na nusu na ushee, kwa hiyo unahitaji vipande 3. Kila kipande kina urefu wa pazia, tuseme mita 2.40, ongeza sentimita 25 za upindo wa juu na chini, inakuwa 2.65. Mara 3 ni karibu mita 8.

Umeona? Dirisha ni lile lile, pazia ni lile lile, lakini moja ni mita 4 na jingine ni mita 8.

Ikabidi nirudi Mwanza kununua mita 16 nyingine. Kitambaa jumla 256,000. Kushona 10,000 kila dirisha, 40,000. Ringi 96 kwa shilingi 200, ni 19,200. Nauli safari mbili, 12,000. Jumla 327,200. Mteja alinipa 260,000. Badala ya faida ya 66,800 niliyoitegemea, nimepoteza 67,200. Na ile hela niliyojazia ilikuwa ya marejesho ya kikoba. Jumamosi ile nilikaa mbele ya akina mama wenzangu nikaomba waniongezee wiki moja. Aibu yake siisahau.

Ningeweza kumpigia yule mama nikamwambia aongeze. Nilifikiria sana. Lakini bei niliitaja mimi, yeye hakunidanganya chochote. Nikampelekea mzigo wake kamili, nikakaa kimya. Ila tangu siku hiyo sitaji bei kabla ya kupata majibu ya maswali haya.

1. Dirisha limeshafungwa, au bado liko kwa fundi?
Mteja akikuambia anabadilisha madirisha, usikubali vipimo vya dirisha la zamani. Fundi akitoa fremu ya mbao anaweza kubomoa ukingo, akapiga plasta upya, tundu likabadilika. Subiri mpaka dirisha jipya likae ukutani. Na kama mteja anakuomba ushauri kabla hajaagiza dirisha, mwambie fundi apime tundu sehemu tatu kwa upana (juu, katikati, chini) na sehemu tatu kwa kimo, kisha afuate kipimo kidogo kuliko vyote. Pia apime kona kwa kona, mishazari yote miwili. Kama hailingani, tundu limekaa upande, na dirisha la kuteleza likilazimishwa hapo litakwama.

2. Dirisha linafunguka vipi?
Hili wengi hawaulizi. Dirisha la aluminiamu la kuteleza lenye vioo viwili, hata ukilifungua lote, hewa inapita nusu tu, kwa sababu kioo kimoja kinakaa nyuma ya kingine. Mtu aliyezoea dirisha la mbao lililokuwa linafunguka lote atasikia joto, kisha atalaumu pazia lako kwamba ni zito. Mwambie mapema. Chumba cha hivyo kinahitaji pazia jepesi la ndani kwa mchana, na zito la kuvuta usiku. Kama dirisha linafungukia ndani, basi fimbo ipande juu na itoke pembeni zaidi, la sivyo kila akifungua dirisha linavuta pazia.

3. Dirisha linatazama wapi?
Huku kwetu tuko karibu na mstari wa ikweta, jua linapita karibu na utosi. Jua kali linaloingia ndani ni la asubuhi kwa dirisha la mashariki na la jioni kwa dirisha la magharibi, kwa sababu wakati huo liko chini. La magharibi ndilo baya zaidi, linakuja nyumba ikiwa imeshapata joto la mchana kutwa. Usimuuzie mteja wa dirisha la magharibi kitambaa cha rangi iliyokolea bila bitana. Litapauka, na litapauka mistari mistari kufuata mikunjo. Bitana nyeupe kwa nyuma inakinga kitambaa na inapunguza joto. Gharama inaongezeka, ndiyo, lakini mweleze sababu, achague mwenyewe.

4. Wavu upo?
Sisi wa kando ya ziwa tunawajua wale wadudu wadogo wanaotoka majini kama moshi. Wakiona taa usiku wanakuja wengi, asubuhi unafagia. Hawaumi, lakini wanachafua pazia jeupe vibaya sana. Halafu kuna mbu, na huyo si wa kuchafua tu, huyo analeta malaria. Kamwe usimwambie mteja kwamba pazia zito linazuia mbu. Pazia halizuii mbu. Wavu wa dirishani ndio unaozuia, tena ukae bila kuacha nafasi pembeni na usiwe umechanika. Na kama nyumba haina dari, mbu wanaingia pia kupitia uwazi kati ya ukuta na bati, kwa hiyo chandarua kitandani kinabaki pale pale. Ukimwambia mteja ukweli huu hutauza pungufu. Mimi watu wananiamini kwa sababu ya hili.

5. Ni chumba gani na kina nini?
Jikoni dirisha likiwa juu ya jiko la gesi au la mkaa, usiuze pazia refu. Moto haubembelezi. Uza fupi linaloishia juu ya kizingiti na liwe mbali na jiko, au mwambie aache bila pazia, aweke kioo cha ukungu. Chumba chenye watoto wadogo, mapazia ya kuvuta kwa kamba yawe na kamba fupi, imefungwa juu, maana mtoto anaweza kujinyonga nayo akicheza. Na kama anabadilisha madirisha ya chumba cha kulala na kuweka nondo, mkumbushe aache angalau dirisha moja ambalo nondo zake zinafunguka kwa ndani. Siku ya moto, mlango ukizibwa, ndipo pa kutokea.

6. Fimbo imefungwa wapi?
Pima fimbo, usipime dirisha. Urefu unaanzia kwenye fimbo mpaka pale pazia linapoishia, na mteja aseme kama anataka liguse sakafu au liache kidogo. Mwombe akutumie picha futikamba ikiwa ukutani, na namba zionekane. Mwambie pia aandike futi, inchi au sentimita. "Tano" peke yake siyo kipimo. Idadi ya ringi kila pazia iwe shufwa, 10, 12, 14, ili ncha zote mbili zigeukie ukutani. Zikiwa witiri, upande mmoja utageukia chumbani na pazia litakaa vibaya.

7. Kitambaa kina upana gani?
Hili ni la kwako wewe muuzaji, siyo la mteja. Kabla ya kutaja bei, mpigie mwenye duka, muulize upana. Ukifika dukani, nyoosha futikamba yako mwenyewe.

Mimi maswali haya nimeyaandika kwenye simu. Mteja akiuliza bei, ninamjibu: "Asante mama, naomba majibu ya haya machache ili nisikukosee." Kuna wanaokasirika na kwenda kwingine. Waache waende. Wengi wanajibu, na mtu aliyejibu maswali haya ameshaanza kununua.

Yule mama wa Kisesa alinipigia miezi mitatu baadaye. Hakujua kwamba nilipata hasara kwake, na mpaka leo sijamwambia. Alisema: "Mwanangu, mdogo wangu Lamadi anamalizia nyumba, madirisha tisa. Nimempa namba yako." Safari hii niliuliza yote saba kabla ya kusema shilingi hata moja. Deni la kikoba nikalimaliza.

Sasa wewe unayeuza mashuka, je, unajua kipimo cha kitanda cha mteja wako, au anakuambia "kikubwa" tu na wewe unatuma? Anayeuza viatu, umempima mguu au umepokea namba ya kiatu cha zamani? Kaa leo jioni, andika maswali yako matano ya kuuliza kabla ya bei. Yaweke hapo chini tusaidiane kuyarekebisha.

Kazi njema, na bei tusiitaje kwa haraka.