Uhalali wa Mtawala katika Usultani wa Delhi: Mfano wa Raziya

Mwanahistoria Juzjani, aliyeishi zama za Sultani Raziya wa Delhi (1236-1240), alimsifu kwa sifa zote za mtawala bora, kisha akauliza zilimfaa nini ilhali hakuzaliwa mwanamume. Tangu hapo, anguko la Raziya aghalabu limeelezwa kwa msingi wa jinsia yake. Makala haya yanaonyesha kuwa maelezo hayo hayatoshelezi.

Usultani huo uliasisiwa na watumwa wa kijeshi wenye asili ya Kituruki. Muhammad wa Ghur alipouawa mwaka wa 1206, jemadari wake, Qutb al-Din Aibak, alishika hatamu mjini Lahore. Aibak alifariki mwaka wa 1210. Iltutmish, aliyekuwa mtumwa wake na baadaye mkwewe, alitwaa madaraka mwaka wa 1211 na kuifanya Delhi makao makuu. Mnamo 1229, Khalifa wa Baghdad alimtambua rasmi. Uhalali, basi, ulitokana na upanga na hati ya Khalifa.

Iltutmish alimteua binti yake, Raziya, kuwa mrithi. Hata hivyo, alipofariki mwaka wa 1236, maamiri walimtawaza mwanawe, Rukn al-Din Firuz. Firuz alizama katika anasa, huku mamaye, Shah Turkan, akiendesha dola. Firuz alipotoka mjini kukabiliana na waasi, Raziya aliwalilia wakazi wa Delhi. Wakalivamia kasri, Shah Turkan akakamatwa, na Raziya akatawazwa.

Maamiri walimtarajia awe kikaragosi. Badala yake, alijitokeza hadharani kwa mavazi ya kiume na kumkweza Yaqut, Mhabeshi, jambo lililowaudhi Waturuki. Mwaka wa 1240, Altunia aliasi Bhatinda. Raziya alipotoka Delhi kumkabili, Yaqut aliuawa, naye Raziya akafungwa. Maamiri wakamtawaza nduguye, Bahram. Raziya aliolewa na Altunia, wakajaribu kuurejea mji, wakashindwa na kuuawa.

Ni dhahiri kwamba Firuz na Raziya walipoteza kiti wakiwa nje ya mji mkuu. Aidha, Bahram (1242) na Masud (1246), ingawa wanaume, waling'olewa na maamiri hao hao. Hatimaye, mwaka wa 1266, Balban, mmoja wa maamiri, alikikalia kiti mwenyewe. Jinsia iliwapa maamiri kisingizio. Kiini cha mgogoro kilikuwa ni nani aliyemiliki uwezo wa kumtawaza na kumng'oa sultani.