Njia Mbili za Kuzima: Moto, Umeme na Mitambo Yetu
Kijitabu cha elimu kwa wakaaji wa Butembo na Beni

Kijitabu hiki ni cha wenye grupu, wenye mashine za kusaga unga, wauguzi wa vituo vya afya, walinzi wa usiku, na kila mtu aliyeingiza umeme nyumbani kwake. Kinaanzia mbali, kwenye mtambo wa nyuklia huko Marekani, kwa sababu moto uliowahi kuutikisa ulianzishwa na kitu kilichomo katika nyumba nyingi za kwetu: buji inayowaka.

Buji moja, nyaya 1,600

Tarehe 22 Machi 1975, vinu viwili vya nyuklia vya Browns Ferry, katika jimbo la Alabama, vilikuwa vikizalisha umeme kama kawaida. Chini ya chumba cha waendeshaji kulikuwa na chumba ambamo nyaya zilikusanyika kabla ya kupenya ukutani. Mafundi walikuwa wakiziba matundu ya ukuta huo kwa povu la plastiki. Ili kujua kama hewa bado inapita, waliisogeza buji karibu na tundu na kutazama mwali unaegemea wapi. Hewa ikauvuta mwali ndani, povu likashika moto.

Moto ule uliwaka kwa zaidi ya saa saba na kuharibu nyaya zaidi ya 1,600. Huko juu waendeshaji waliona taa za mitambo zikiwaka na kuzimika bila mpangilio, na pampu zikijiwasha bila kuamriwa. Vinu walifaulu kuvisimamisha. Ila kinu cha nyuklia kikizimwa hakipoi papo hapo: mwanzoni hubaki na joto la karibu asilimia 6 au 7 ya nguvu yake, na joto hilo lazima liondolewe kwa maji, saa baada ya saa, siku baada ya siku. Ndipo ubaya wa moto ulipoonekana. Katika kinu cha kwanza, mfumo wa dharura wa kupoza haukuweza kutumika, kwa kuwa nyaya za pampu kuu na nyaya za pampu za akiba zilipita mahali pamoja. Waliokoka kwa kutumia pampu za kawaida ambazo hazikuwekwa kwa kazi hiyo. Mionzi haikutoka nje, na kwa hilo tumshukuru Mungu na wale waendeshaji.

Jambo jingine la kutazama ni amri. Mkuu wa zimamoto wa mji jirani wa Athens alishauri mapema wamwage maji. Wakuu wa mtambo walikataa, wakihofia shoti, na saa zikapita huku wakipuliza gesi na poda. Walipokubali maji, jioni, moto ulizimika upesi. Hofu yao ilikuwa na msingi. Kosa ni kwamba suala hilo halikuwa limeamuliwa kabla, siku ambayo hakukuwa na moshi.

Mwaka 1980 Marekani ilitoa kanuni mpya. Mtambo ukiwa na njia mbili za kuuzima na kuupoza, lazima moja ibaki nzima hata kama chumba kizima kitaungua. Kwa hiyo njia hizo zitenganishwe kwa ukuta unaostahimili moto saa 3, au ziachane mita 6 hivi bila kitu kinachowaka katikati, pamoja na vitambuzi vya moshi na mfumo wa maji unaofunguka wenyewe. Tena pawe na mahali pengine pa kuuzima mtambo, endapo chumba cha waendeshaji hakikaliki.

Nchi yetu haina mtambo wa nyuklia wa kuzalisha umeme. Ina kituo cha utafiti Kinshasa, ambako kinu cha kwanza barani Afrika, TRICO I, kilianza mwaka 1959, kikafuatwa na TRICO II mwaka 1972. Kinu hicho cha pili kilisimama mwaka 2004. Jirani yetu Uganda, na Kenya pia, wana mipango yao ya umeme wa nyuklia. Lakini moto hauchagui ukubwa wa mtambo, na swali la Browns Ferry linafaa kuulizwa katika kila chumba cha grupu kuanzia Bulengera hadi Mulekera: moto ukianza hapa, nitaizima mashine nikiwa wapi?

Chumba cha grupu

Tazama kile kibanda cha mbao nyuma ya duka. Grupu iko ndani, bidoni za esansi au mazutu zimepangwa ukutani, disjonkteri imepigiliwa juu ya bidoni, na mlango ni mmoja. Moto ukishika bidoni, mkono hauwezi kufika kwenye disjonkteri, na mpira wa mafuta unaendelea kuulisha moto. Hiyo ndiyo Browns Ferry yetu.

Hamisha disjonkteri iwe nje, upande wa mlango, mahali mtu anapofika bila kupita mbele ya mashine. Weka pia valvu ya pili ya mafuta, mbali na injini. Bidoni za akiba zikae kwenye kibanda cha peke yake. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini, huteremka mteremko, na unaweza kukuta jiko la jirani aliye chini yako. Kwenye vilima vya Butembo jambo hili si dogo. Wala usiingize grupu ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

Kuzima kuna utaratibu. Ondoa kwanza mzigo, yaani friji, mashine, taa. Kisha simamisha injini, ndipo ufunge mafuta. Halafu ngoja. Injini iliyozimwa bado ina bomba la moshi linaloweza kuwasha esansi iliyomwagika, kwa hiyo usijaze tangi mpaka ipoe. Vijana wengi huungua mikono na uso hapo, wakiharakisha kwa sababu wateja wa kuchaji simu wanasubiri.

Kwenye mashine za unga na za kupasulia mbao, fagia kila siku. Vumbi la unga wa muhogo au la mbao likitanda hewani hulipuka kwa cheche moja tu.

Vituo vya afya

Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, chanjo iliyotumika Beni na Butembo ilitakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Wauguzi wanakumbuka walivyoulinda umeme uliotunza baridi hiyo. Leo kuna mashine za oksijeni, friji za damu, taa za chumba cha kuzalishia. Vituo vingi vina sola na grupu, na watu wanasema wana njia mbili. Nenda utazame. Mara nyingi nyaya za sola na za grupu huingia kwa tundu moja, zikakutana kwenye sanduku moja la mbao. Sanduku likiungua, zote zimekwenda. Zipitishwe kuta tofauti, na matundu yazibwe kwa simenti, si kwa povu wala matambara.

Maji au mchanga?

Umeme ukiwa haujakatwa, usimwage maji. Ukishakatwa, maji yanafaa kwa mbao, nguo na magodoro. Kwa esansi na mafuta ya kupikia tumia mchanga au mtungi wa poda, maji huyasambaza. Hayo yaamuliwe leo, na ijulikane nani anatoa amri ikiwa mama mwenye nyumba au daktari hayupo.

Mara nyingi huyo atakuwa mlinzi wa usiku. Mfundisheni. Mwacheni azime kila kitu mwenyewe, usiku, bila tochi, huku nyinyi mkitazama. Na ufunguo wa disjonkteri ukae kwake, usilale nyumbani kwa bosi.