SOMO LA WAJUMBE: PROGRAMU YA KUPANGA KAZI, NA KALAMU IKO MKONONI MWA NANI



Somo la safari hii limetokana na swali lililoulizwa katika kikao chetu cha Petite Barrière. Delege mmoja alisimama akasema: "Mkurugenzi wetu ametuita wajumbe wawili twende tukakae na kamati inayochagua programu ya kompyuta ya kupanga kazi za kampuni nzima. Mimi nimemaliza shule ya msingi tu. Nikifika huko nitasema nini?" Watu walicheka, naye akacheka, lakini swali lilikuwa la haki. Mimi pia nimemaliza shule ya msingi tu. Nimeuliza wanaojua, nimesoma kadiri nilivyoweza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Programu ya kupanga kazi ni chombo ndani ya kompyuta kinachoonyesha kazi kubwa imegawanywa katika kazi ndogo zipi, kila moja inafanywa na nani, inaanza lini, inakwisha lini, na ipi inaingoja ipi. Hilo la mwisho ndilo kiini chake, na si jambo geni kwetu.

Mtazame mama anayevusha viazi hapa Petite Barrière. Asubuhi lazima anunue mzigo, apate mbebaji, apange foleni ya karatasi, avuke, na amfikie mteja wake wa Goma kabla huyo mteja hajanunua kwa mwingine. Binti yake anasimama kwenye foleni wakati yeye anafunga magunia; kazi mbili zinakwenda pamoja. Mbebaji akichelewa kidogo hakuna hasara, maana foleni bado ni ndefu. Foleni yenyewe ikikwama, siku yote imekwama. Mama huyo anajua, bila kompyuta, ni kazi ipi ambayo ikichelewa yote yamechelewa. Kazi zinazofuatana namna hiyo, moja ikiingoja nyingine mpaka mwisho, mimi naziita mnyororo mrefu. Programu nyingi kubwa za kupanga kazi zimejengwa juu ya mnyororo huo.

Wataalamu wa Marekani waliuwekea hesabu mnyororo huu mwaka 1957. Walikuwa wa kampuni ya kemikali ya DuPont, wakishirikiana na watengenezaji wa kompyuta wa Remington Rand, na moja ya kazi za mwanzo walizoipimia hesabu hiyo ilikuwa kusimamisha kiwanda kwa matengenezo. Mwaka uliofuata jeshi la majini la nchi hiyo lilitumia hesabu inayofanana nayo kwa makombora yake ya Polaris. Kabla ya hapo, tangu siku za vita kuu ya kwanza, viwanda vilikuwa na michoro ya mistari ya Henry Gantt, ambamo kila kazi ni mstari na urefu wa mstari ni siku zake. Changanya mnyororo na mistari hiyo, ndiyo picha utakayoonyeshwa ukutani siku ya kikao. Programu ya Primavera ilitoka mwaka 1983, na Microsoft Project mwaka 1984. Zipo nyingine za namna ya kadi: kadi moja kwa kila kazi, inahamishwa kutoka safu ya "bado" kwenda "inafanywa" hadi "imekwisha". Mtindo wa kufuata kazi kwa kadi ulikuzwa katika viwanda vya Toyota huko Japani. Trello iliyotoka 2011 ni ya kadi hivyo.

Usiogope majina haya. Muuzaji atayataja mengi na kwa haraka. Wewe mwulize: tunataka programu kwa kazi gani? Kujenga nyumba mpya ya kunyaushia chai ni kazi yenye mwanzo na mwisho. Kuchuma chai hakuna mwisho. Majani huota tena. Programu zile zimetengenezwa kwa kazi ya namna ya kwanza. Kampuni ikiichukua na kuibandika juu ya kazi ya kila siku ya mchumaji, mtu anageuka mstari ukutani, na kila akisimama kunywa maji mstari unakuwa mwekundu.

Sasa tuchukue mfano wa kiwanda cha chai kinachosimama kwa matengenezo. Boila inazimwa na kuachwa ipoe: siku 2. Mabomba yake yanasafishwa: siku 3. Mkaguzi anaikagua: siku 1. Inawashwa na mvuke kupandishwa taratibu: siku 1. Jumla siku 7. Wakati huohuo mafundi wengine wananoa mashine za kusaga majani kwa siku 4, na wengine wanatengeneza vitanda vya kunyaushia kwa siku 5. Kiwanda kitasimama siku ngapi? Wengi kikaoni walianza kujumlisha zote wakapata 16. Siyo. Ni 7, kwa kuwa boila ndiyo mnyororo mrefu na mengine yanafanyika ubavuni mwake. Vitanda vikichukua siku 6 badala ya 5, hakuna neno. Boila ikipoa kwa siku 3 badala ya 2, kiwanda kitasimama siku 8. Fanya hesabu hii mwenyewe kwenye karatasi mpaka ikukae, maana anayeielewa hadanganywi kwa picha za rangi.

Lakini angalia: ile siku 2 ya kupoa, nani aliiandika?

Hapa nitasimulia yaliyonipata. Kabla sijaingia kazi ya chama nilikuwa msaidizi wa boila katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Mpango wa matengenezo uliletwa kutoka buro ya mjini, umechapwa vizuri kabisa. Kwa kupoa boila waliandika siku 1. Sisi wa boila tulijua ni 2, na mzee wetu alimwambia kapita. Kapita akajibu kwamba hana ruhusa ya kugusa mpango, yeye anaweza kuusoma tu. Siku ya pili asubuhi mwenzetu mmoja akaingia kabla ya wakati kwa kuogopa kuandikwa, akatoka ameungua mkono kuanzia kiwiko. Wengine tukakataa kuingia mpaka ipoe. Na huko shambani, kwa sababu mpango ulisema mvuke utakuwa tayari asubuhi ya siku ya 7, wachumaji walipelekwa kuchuma alfajiri ileile. Majani yakaja, kiwanda hakijawaka, yakalala kwenye magunia yakageuka rangi. Kwenye mzani yakakataliwa. Akina mama waliochuma tangu alfajiri hawakulipwa hata kilo moja.

Mwisho wa mwezi tuliona karatasi ya ripoti. Katika safu ya sababu za kuchelewa iliandikwa: uzembe wa watu wa boila. Primu yetu ikakatwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na njia ya kuandika neno moja katika safu ile. Ningependa kusema kwamba aliyeandika alikuwa mtu mbaya, lakini nadhani alikuwa karani aliyekuwa mbali, na alitakiwa kujaza nafasi tupu.

Kwa hiyo, ndugu delege, ukiingia kwenye kamati ile, acha wengine wabishane juu ya rangi na michoro. Wewe shika jambo moja: ni nani anaweza kuandika ndani ya programu hii? Nani anaandika idadi ya siku? Nani anaandika sababu ya kuchelewa? Na mwenye kazi akiona limeandikwa kosa, anaweza kuweka neno lake kando yake, lenye jina lake na tarehe, lisifutwe na mtu mwingine? Programu nyingi za leo zinaweza kufanya hivyo zikipangwa hivyo. Zinaweza pia kupangwa ili watu wa chini wasome tu, au wasione kabisa. Anayeamua ni mnunuzi, wala si mashine.

Na hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni, nao uko kwenye bei. Programu nyingi za aina hii huuzwa kwa kila kichwa, kwa mwezi au kwa mwaka. Kampuni yenye watu 1,000 inaangalia bei hiyo, inaona ni fedha nyingi, inanunua akaunti 60: wakurugenzi, mainjinia, makarani wa buro. Fundi wa boila, dereva wa trekta, msimamizi wa wachumaji hawamo. Hakuna aliyekaa akasema wafanyakazi wasiandike. Bei ndiyo iliyosema. Basi ulizeni bei ya kuwaingiza wasimamizi na mafundi wote, iandikwe katika hesabu tangu mwanzo. Zipo pia programu ambazo kampuni inaweza kuziweka kwenye kompyuta zake bila kulipa kwa kichwa, kama ProjectLibre iliyotoka 2012, na OpenProject ya Ujerumani katika toleo lake la bure. Bure hapa si bila gharama: lazima awepo mtu wa kuitunza, na mtu huyo anataka mshahara. Lakini fedha inayokwenda kwa mtunzaji wa hapa inaweza kuwafungulia mlango watu mia tano.

Jambo la kutoka nalo lisisahauliwe. Kampuni ya Atlassian ya Australia, wenye Jira iliyoanza 2002, iliacha mwaka 2021 kuuza toleo ambalo mteja wa kawaida aliliweka kwenye mashine zake, na Februari 2024 ikaacha kulihudumia. Wateja wakaambiwa wahamie kwenye mashine za Atlassian wenyewe au kwenye toleo la wateja wakubwa. Basi kamati iulize kabla ya kusaini: tukitaka kuhama, kumbukumbu zetu zitatoka kwa namna gani? Maana ndani ya kumbukumbu hizo zimo saa zako na sababu zilizoandikwa juu yako.

Je, wapo wafanyakazi waliowahi kukaa kwenye meza kama hii? Wapo, na si jana. Huko Norway, chama cha wafanyakazi wa chuma na metali kilianza mwaka 1971 kazi pamoja na mtaalamu wa kompyuta Kristen Nygaard. Viwanda vyao vilikuwa vinaletewa mifumo ya kompyuta ya kupanga na kusimamia uzalishaji. Hapo mwanzo walifikiri wataalamu wangeandika ripoti, chama kikasoma. Wakaona ripoti haimsaidii mtu wa mashine. Wakabadili: wafanyakazi wenyewe katika viwanda vichache wakachunguza mifumo iliyokuwa inawajia, wakaandika vitabu vya kujifunzia, wakasema wanataka nini. Mwaka 1975 shirikisho la vyama vya wafanyakazi na shirikisho la waajiri wa nchi ile walitia sahihi mapatano: mwajiri awape wafanyakazi habari mapema, kwa lugha wanayoielewa, na wawe na mjumbe wao wa mambo ya kompyuta. Wengi wa wale waliochunguza walikuwa mafundi wa vyuma. Nygaard mwenyewe alikuwa mmoja wa wawili waliotunga lugha ya kompyuta ya Simula, lakini hakuona aibu kukaa darasani na mafundi. Ujerumani nako, kwa sheria ya 1972, mahali penye baraza la wafanyakazi mwajiri haweki chombo cha kupima mwenendo au utendaji wa wafanyakazi bila kukubaliana na baraza hilo.

Sisi hatuna sheria kama ile ya Ujerumani, lakini hatuko mikono mitupu. Rwanda ina sheria ya tarehe 13 Oktoba 2021 ya kulinda habari binafsi za watu. Inampa mtu haki ya kuomba kuona yaliyoandikwa juu yake, na ya kuomba yasahihishwe kama si kweli. Tena inasema mtu asikatiwe uamuzi mzito na mashine peke yake. Kenya na Uganda wana sheria zao za 2019, Tanzania ya 2022. Kwa hiyo delege anayeomba nafasi ya kusahihisha ndani ya programu haombi hisani, anaikumbusha kamati sheria. Semeni hivyo kwa upole.

Mengine nayapitia haraka. Lugha: programu isomeke kwa Kinyarwanda au Kiswahili, au angalau majina ya kazi yaandikwe kwa lugha ya watu wanaozifanya. Simu: ifunguke kwenye simu ndogo, na mtandao ukikatika isipoteze yaliyoandikwa. Mafunzo: yafanyike ndani ya saa za kazi, yalipwe.

Kisha kamati isinunue kwa kutazama maonyesho ya muuzaji. Maonyesho yake daima yanakwenda vizuri. Itwaeni kazi moja ya kampuni iliyokwisha kufanyika mwaka jana, mwingize mwanzo hadi mwisho katika kila programu inayoshindanishwa, na waitwe waliofanya kazi ile, pamoja na yule wa boila. Wao ndio wakumbuke siku ya tatu kulitokea nini na kipuri kilingojewa kutoka wapi. Ionekane kama programu ina mahali pa kuyaweka hayo, na kama aliyeyaona kwa macho yake anaweza kuyaweka mwenyewe.

Kwa kikao kijacho kila kundi lije na kazi moja ya mahali pake, imeandikwa kwenye karatasi: vipande vyake, siku zake, kipi kinangoja kipi. Tutatafuta mnyororo mrefu pamoja. Pembeni mwa kila idadi ya siku andikeni jina la kazi ya mtu aliyewaambia idadi hiyo. Delege aliyeuliza swali kamati yake inakaa wiki hiyohiyo. Ameomba karatasi yake isomwe ya kwanza.