Somo: Sumu ya buibui mwenye manyoya

Ndugu wakulima wa Fizi na Baraka, tukiwa ku shamba tunaweza kukutana na buibui mkubwa mwenye manyoya, anayekaa ndani ya shimo. Wengine wanasema: akikuuma tu, umeisha. Sivyo.

Mwaka 2006 kikundi cha David Julius, mtafiti wa Marekani, kilichunguza sumu ya buibui wa jamii hiyo kutoka kisiwa cha Trinidad. Waliona inagusa mlango uleule wa mishipa ya fahamu unaoguswa na pilipili. Ndiyo maana inachoma kama moto. Kwa uchunguzi wa mlango huo, Julius alipata tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Ukiumwa na buibui huyo:
- Osha kidonda kwa maji na sabuni.
- Weka kitambaa chenye maji baridi.
- Usikate kwa wembe, usifunge kamba.
- Ukishindwa kupumua vizuri, wakupeleke hospitali.

Hatari kubwa ni hii: kama hukuona kilichokuuma, usiseme "ni buibui tu." Inaweza kuwa nyoka. Mkono au mguu ulioumwa usitikiswe, wenzako wakupeleke kituo cha afya mara moja. Usingoje kuvimba.

Na shimo lolote, tulichimbe kwa jembe, tusiingize mkono.