KOMPYUTA IKIFA USIKU WA LEO, MADENI YA WATEJA UTAYAKUTA WAPI?



Jiulize kidogo kabla hujaendelea kusoma. Umetoka dukani, umefika nyumbani, unafungua kompyuta uingize mauzo ya siku. Haiwaki. Kesho yake fundi anakwambia diski imekufa. Je, unakumbuka kwa kichwa nani unamdai, nani anakudai, na mzigo wa mwisho uliununua bei gani?

Kompyuta utanunua nyingine. Daftari la madeni huwezi kulinunua. Mteja mwaminifu atakuja kulipa mwenyewe, lakini yule mwingine akisikia tu mashine imeharibika, ujue deni limekufa nayo. Halafu kuna kodi: hapa Tanzania sheria inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5, na Kenya nao ni miaka 5. Siku ukiulizwa, hizo kumbukumbu ndizo zitakazokutetea.

Leo naongea na wenye kompyuta za Linux nyumbani. Umenunua mashine ya mtumba, fundi akakuwekea Ubuntu au Linux Mint kwa sababu ni bure na haziielemei mashine ya zamani. Uamuzi mzuri. Ila kumbuka, mashine ya mtumba mara nyingi inakuja na diski iliyokwisha fanya kazi miaka kadhaa kwa mwenzio. Na Linux haizuii diski kufa, haizuii mwizi, haizuii maji kumwagika.

TATIZO SIO FLASHI, TATIZO NI KUSAHAU

Najua kuna mtu anasema, "Mimi nina flashi, kila Jumapili nakopi." Sawa. Jumapili iliyopita ulikopi? Na ile ya kabla yake?

Wiki ambayo biashara imechanganya ndiyo wiki unayosahau, na ndiyo wiki yenye hesabu nyingi za kupotea. Kwa hiyo usijitegemee wewe. Kazi ya kutunza nakala ya akiba, ile wengi tunaita bakapu, iachie kompyuta iifanye yenyewe.

HATUA KWA HATUA

1. Kusanya kila kitu sehemu moja. Tengeneza folda uiite Biashara. Humo weka mauzo, madeni, picha za risiti, mikataba ya pango, leseni, na namba za wateja. Vitu vikitawanyika kwenye folda kumi, lazima kimoja kitasahaulika.

2. Tafuta diski ya nje. Iwe na nafasi angalau mara mbili ya ukubwa wa mafaili yako. Usitumie ile flashi ya kubebea nyimbo inayozunguka mtaa mzima.

3. Weka programu inayoitwa Déjà Dup. Ni ya bure. Angalia kwanza, huenda ipo tayari, maana kwenye orodha ya programu inaonekana kwa jina la Backups. Kama haipo, itafute kwenye sehemu ya kupakulia programu, au fungua terminal uandike:

sudo apt install deja-dup

4. Chagua vya kutunza. Yenyewe huanza na folda yako yote ya Home, na huwa inaruka vilivyofutwa pamoja na folda ya Downloads. Hapa wengi wananaswa: ankara uliyotumiwa kwa barua pepe imelala Downloads, kwa hiyo haitunzwi. Ihamishie kwenye folda ya Biashara.

5. Chagua pa kutunzia. Chomeka diski ya nje, ichague. Ukitaka unaweza kuchagua Google Drive, ambayo inakupa GB 15 bure. Ila mara ya kwanza inapandisha kila kitu, kwa hiyo angalia bando lako. Baada ya hapo kwa kawaida inapandisha mabadiliko tu.

6. Weka nenosiri. Diski ikiibiwa, mwizi asisome madeni na namba za wateja wako. Lakini sikiliza vizuri: ukisahau nenosiri hilo, na wewe hutafungua. Liandike kwenye karatasi, karatasi itunze mbali na hiyo diski.

7. Washa ratiba. Tafuta sehemu ya kufanya yenyewe, chagua kila siku. Hapo umemaliza. Kama siku hiyo diski haijachomekwa, programu inasubiri, ukichomeka inaendelea na kazi.

Uzuri mwingine ni kwamba inatunza hali za nyuma pia. Ukiharibu jedwali la madeni Jumanne, unaweza kurudisha lilivyokuwa Jumatatu.

KWA WANAOPENDA AMRI

Ukitaka kitu chepesi, fungua terminal, andika crontab -e, kisha mwishoni ongeza mstari kama huu, ukibadilisha majina yawe ya kwako:

0 20 * * * rsync -rt /home/jina/Biashara /media/jina/DISKI/

Kila siku saa mbili usiku folda inakopiwa. Lakini jua mambo mawili. Kwanza, kama saa hiyo umeme umekatika au mashine umeizima, cron haikungoji, inaruka mpaka kesho yake. Pili, rsync ya namna hii inaweka faili jipya juu ya la zamani. Ukiharibu faili leo, usiku huohuo inaharibika na nakala. Ndiyo maana kwa hesabu za biashara mimi nashauri Déjà Dup.

USICHANGANYE NA TIMESHIFT

Watu wa Linux Mint, hili ni lenu. Timeshift inatunza mfumo wa kompyuta, ili sasisho likiharibu kitu uweze kurudi nyuma. Kwa kawaida haigusi mafaili yako ya Home. Mtu anaona Timeshift inafanya kazi kila siku, anatulia, kumbe daftari la madeni halimo kabisa. Unahitaji zote mbili.

NAKALA AMBAYO HUJAIJARIBU, USIIHESABU

Wiki hii fungua programu, bonyeza Restore, chagua faili moja la madeni, lirudishe kwenye folda nyingine tofauti. Lifungue. Namba zimo? Majina yamo? Basi una nakala. Kama halifunguki, shukuru umejua leo ukiwa bado na faili halisi. Rudia jaribio hili kila mwezi.

Na jambo la mwisho: diski ikikaa juu ya meza pembeni ya kompyuta, mwizi anabeba vyote kwa safari moja, na moto hauchagui. Mara moja kwa mwezi kopi folda ya Biashara kwenye flashi maalumu, kaiweke dukani ndani ya droo yenye kufuli. Kompyuta nyumbani, diski nyumbani, flashi dukani. Sehemu zote mbili haziwezi kupatwa siku moja kirahisi.

KAZI YA LEO

Usisubiri mwisho wa mwezi. Leo usiku tengeneza folda ya Biashara tu, uhamishie vitu vyako. Kesho diski. Keshokutwa ratiba. Siku tatu, nusu saa nusu saa, umemaliza.

Umekwama hatua gani? Andika namba ya hatua hapo kwenye maoni, tusaidiane. Na kama unamjua mwenzako anayetunza madeni yote kwenye kompyuta moja bila nakala, mtumie hii kabla fundi hajampa habari mbaya.

Biashara njema.