Aliomba Kwanza: Luka 5:3 na Ufukwe wa Nungwi



Likizo iliyopita nilikwenda Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kijiji cha wavuvi na mafundi wa majahazi ambacho sasa kimejaa hoteli. Nilikodi kiti cha ufukweni, nikakaa na soda yangu. Kusema kweli nilijiona mwenyeji, si Mtanzania bwana!

Ilikuwa bamvua. Maji yakitoka, ufuo unamtosha kila mtu. Lakini jioni saa kumi yakijaa hubaki kipande chembamba cha mchanga, na hapo viti vya wageni na vyombo vya wavuvi hugombea nafasi. Mzee mmoja alikuwa anavuta ngalawa yake juu. Mlinzi, kijana wa hapohapo, akamwendea kwa aibu: "Ami, nisamehe, bosi kasema hapa pa wageni." Mzee akajibu, "Hapa diko, mwanangu. Baba yako kashusha samaki hapa." Kisha akaisogeza. Kiti kilichomzibia njia kilikuwa changu, nami nikanyamaza.

Tumezoea kulaumu mavazi ya watalii. Ni kweli, kukatiza kijiji cha Waislamu na nguo ya kuogelea ni kukosa adabu. Ila ugomvi mkubwa ni wa mahali. Papa Fransisko aliligusa hilo katika Laudato Si' (2015), namba 45: sehemu nzuri zikifanywa za binafsi, wengine wanafungiwa nje. Mt. Thoma wa Akwino naye anatofautisha: mtu anaweza kumiliki mali aitunze, lakini katika kuitumia awe tayari kumshirikisha mwenye uhitaji (Summa, II-II, 66, 2). Mimi kiti hata sikukimiliki, na bado nilishindwa kuinuka!

Sasa fungua Luka 5:3. Wavuvi wanaosha nyavu baada ya usiku wa kukosa. Yesu anapanda chombo cha Simoni, anamwomba akisogeze kidogo kutoka pwani. Anamwomba. (Ndiyo, alikwishapanda; lakini wa kukiondoa chombo alibaki Simoni.) Wala hakumwacha mikono mitupu: soma hadi aya ya 7.

Kesho yake asubuhi nilirudi kumwomba radhi yule mzee. Mwanawe akaniambia yuko baharini, atarudi maji yakijaa. Gari langu la mjini lilikuwa la saa sita. Nikaacha salamu.